Vibuyu Arobaini na Meza Moja: Jibu kwa Binti wa Kondoa Anayejiandaa kwa Maonyesho ya Mafundi Chipukizi

Swali: Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 24, ninaishi Kondoa. Bibi yangu alinifundisha kuandaa vibuyu, na kwa miaka mitatu sasa ninavigeuza kuwa taa za kuning'iniza na vyombo vya mezani. Baadhi ninavichora kwa chuma cha moto nikifuata michoro ya kale ya miambani ya Kolo, hapa kwetu Kondoa, na taa mbili nimeziweka juu ya vigoda vya mti. Nimechaguliwa kushiriki maonyesho ya mafundi na wabunifu chipukizi wa kanda ya kati yatakayofanyika jijini Dodoma mwezi Agosti kwa siku kumi. Nimepewa meza moja ya mita mbili, na waandaaji watachukua asilimia 30 ya mauzo. Nina kazi arobaini zilizokamilika. Nipeleke zote? Nipange bei kwa namna gani, ikiwa katika kila vibuyu vinne kimoja hunipasukia wakati wa kukwangua? Je, ninaruhusiwa kutumia michoro ya Kolo? Na kuna vibuyu viwili vilivyopata ufa nikavishona kama bibi alivyokuwa akishona, kwa shazia ya kushonea magunia na kamba ya gome la mbuyu, nivifiche?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kuchaguliwa. Nimeshiriki kupanga maonyesho ya ufundi katika kanda hii kwa miaka mingi, na kosa ninalolikuta mara nyingi kwa fundi anayeonyesha kazi zake kwa mara ya kwanza ni kupanga meza kana kwamba yuko mnadani. Mnadani, na hata kwenye mabanda ya Nane Nane pale Nzuguni, wingi wa bidhaa ni sifa, kwa sababu mnunuzi amekuja akijua anachotaka na anatafuta kilicho bora kwa bei nafuu. Anayeingia kwenye maonyesho ya mafundi chipukizi hajui anachotaka. Amekuja kukufahamu wewe ni nani, mikono yako imejua nini, na kwa nini umeamua kukifanya kitu hiki kwa namna hii. Akikuta kazi arobaini zimesongamana kwenye mita mbili, atazipekua kama nguo za mtumba, kisha atakwenda zake bila kuishika hata moja sawasawa.

Kwa hiyo usipeleke zote. Peleka kumi na nane, uweke mezani nane tu, na kumi zilizobaki zikae kwenye boksi chini ya meza ili kila kinachouzwa kipate mrithi. Nilipata kumwona mama mmoja mfinyanzi aliyeleta vyungu vitatu vya umbo moja, kikubwa, cha kati na kidogo, akaviweka kwenye kitambaa cha kaniki bila kitu kingine chochote. Watu walisimama mbele ya vyungu vile wakiulizana jinsi mtu anavyoweza kuufinya udongo kwa mkono mtupu, bila gurudumu, na mdomo wa chungu ukatoka mviringo namna ile. Vilikuwa vyungu vitatu tu, lakini hakuna aliyepita pale bila kuelewa kwamba mama huyu anajua jambo moja kwa undani.

Namna ya kuchagua hizo nane ni hii. Jioni moja, jua likiwa limeinama, toa kazi zote arobaini uwanjani, uzipange chini kwenye mkeka, uzizunguke polepole. Kwanza ondoa zile ulizozifanya kwa sababu uliona mtu mwingine amefanya. Kisha ondoa zile ulizozipaka rangi ya dhahabu ya kupuliza, kama zipo, kwa maana ganda la kibuyu kilichokaushwa vizuri na kusuguliwa mafuta lina rangi ya asali ambayo hakuna kopo la dukani litakalokupatia, na mnunuzi anayetaka rangi ya dhahabu ataipata kwenye plastiki kwa bei ndogo kuliko yako. Kwenye zilizobaki, tafuta zinazozungumza pamoja. Ningekushauri uchague taa tano na vyombo vitatu, na kimojawapo kati ya vyombo hivyo kiwe kata ya kutekea maji, ile ya kawaida kabisa yenye mkono mrefu. Kata hiyo ikikaa kando ya taa itamweleza mgeni, kabla hujafungua kinywa, kwamba ulianzia kwenye chombo cha jikoni kwa bibi ndipo ukafika hapa ulipo.

Ongeza kitu cha tisa ambacho hakiuzwi: kibuyu ambacho kazi yake haijakamilika, kilichokatwa nusu, upande mmoja ukiwa bado na ngozi na nyama kavu ya ndani, upande wa pili ukiwa umekwanguliwa na kupigwa msasa. Mwache mgeni akishike. Wengi wa mjini, hata waliozaliwa mkoani humu, wanadhani kibuyu kinatoka kwenye mti wa mbuyu, kwa sababu ya jina na kwa sababu mibuyu imejaa nchi nzima hii. Waeleze kwamba chako kinatokana na mmumunye, mmea unaotambaa wa jamii ya maboga, ambao asili yake ni Afrika. Waeleze kwamba ukivunwa kabla kikonyo hakijakauka ganda hunywea, na kwamba nyama ya ndani huachwa ioze na kukauka ndipo ikwanguliwe. Waeleze pia kwamba kibuyu cha maziwa hufukizwa moshi ili kisafike na kuyapa maziwa ladha. Maelezo haya yana uzito kwa mnunuzi kuliko neno lolote la kusifia, kwa sababu mtu akishajua kazi iliyofanyika hubadilisha namna anavyokishika kitu. Nimeliona hilo mara nyingi: vidole vinalegea, na mkono wa pili unakuja kusaidia.

Sasa vile viwili vilivyoshonwa. Usivifiche hata kidogo. Kimoja kiweke katikati ya meza.

Bibi yako alikuwa akishona kwa nini? Kwa sababu kibuyu kizuri, kilichokwisha kuzoea maziwa au maji, ni mali. Kukitupa kwa ajili ya ufa mmoja kulikuwa ni kutupa msimu mzima wa mmea na miaka ya matumizi. Alitoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, akiyapanga kwa umbali unaolingana na bila kuyasogeza mno ukingoni, maana tundu likikaribia ufa mno ganda hukatika. Kisha akapitisha uzi na kuukaza, ili uzivute pande mbili zikutane. Umeniandikia kwamba wewe hutumia shazia ya kushonea magunia na kamba ya gome la mbuyu. Hapo una jambo kubwa mikononi: kibuyu na mbuyu, ambavyo watu huvichanganya kwa majina, vimekutana kweli kwenye mshono wako. Nisingependa lipite bila kusemwa, kwa hiyo liandike kwenye kadi ya maelezo kwa sentensi moja tu, bila mapambo.

Lakini uwe mkweli kuhusu kazi ya chombo hicho. Mshono unaoshika maji ni tofauti na mshono unaoonekana vizuri. Kama umeshajaza maji ukaacha usiku kucha na hakikuvuja, sema hivyo. Kama kinavuja, sema kwamba ni cha kuwekea nafaka kavu au karanga. Na usikipasue kizima kwa makusudi ili ukishone kwa kuwa umeona wageni wanapenda mishono. Mshono wa bibi ulikuwa dawa, na anayezijua kazi za mikono atatambua mara moja ufa uliotengenezwa, kwa sababu ufa wa kweli haunyooki. Hufuata udhaifu wa ganda.

Kuhusu Kolo, swali lako lina pande mbili, na upande wa sheria ndio mwepesi. Michoro ile ilichorwa na watu wa kale, hakuna msanii aliye hai anayeweza kuidai, na wewe kuchoma umbo la pofu, yule swala mkubwa, au la mtu mrefu mwembamba kwenye kibuyu chako hakumnyang'anyi mtu riziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za mikono za mbunifu, kwa hiyo jinsi wewe ulivyoyapanga maumbo hayo kwenye ganda ni kazi yako, na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, kutakupa ushahidi siku mtu akiinakili. Sheria hiyo hiyo inatambua pia sanaa za jadi za jamii, jambo linalokukumbusha kwamba kuna vitu ambavyo ni vya wengi kabla ya kuwa vyako.

Upande wa pili ndio mzito. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na sababu mojawapo ya heshima hiyo ni kwamba baadhi ya maeneo yale bado yanatumika. Watu bado wanakwenda Mongomi, mojawapo ya miamba ya Kolo, kufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji. Michoro mingi ya kale ni ya rangi nyekundu, na wataalamu huihusisha na wawindaji waliotangulia, ambao Wasandawe wa leo wanahesabiwa kuwa karibu nao. Ile myeupe ya baadaye huihusisha na wakulima waliokuja baadaye. Kwa hiyo unapoandika kwenye kadi yako "michoro ya Kolo", andika pia umbo lipi na la rangi ipi, na usiseme kwamba lina maana fulani ya siri ambayo hukufundishwa na mtu. Wageni watakuuliza maana. Jibu la haki ni kueleza unachokiona: watu, wanyama, mistari, na jinsi mchoraji alivyoweza kuonyesha shingo ya twiga kwa mkunjo mmoja wa kidole.

Na ukienda Kolo kujifunza zaidi, nenda na mwongozaji wa pale, kaa mbele ya mwamba na daftari, uchore kwa macho. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipofika huko mwaka 1951 alitumia miezi akinakili, na tangu wakati huo michoro mingi imeendelea kufifia. Usiweke karatasi juu ya mwamba, usiguse, na usikubali mtu amwagie maji ili rangi zing'ae kwa ajili ya picha ya simu, kwa sababu kila mng'ao wa namna hiyo huondoka na sehemu ya rangi. Kwa maonyesho haya ningependa kazi mbili tu kati ya nane ziwe na michoro ya Kolo. Ukizidisha, watu watakukumbuka kama binti wa michoro ya miambani na watasahau kwamba unaijua kazi ya kibuyu chenyewe.

Taa zako zinahitaji maneno machache ya tahadhari. Ganda la kibuyu kilichokauka ni kuni; tumia balbu za LED za wati 3 hadi 5 tu, holda iwe na kifuniko, na tundu la juu liwe pana kiasi cha kutoa joto. Waulize waandaaji mapema kama meza yako ina umeme, na kama iko karibu na dirisha omba uhamishwe, maana taa iliyowashwa kwenye jua la Agosti la Dodoma haimwonyeshi mtu chochote. Ubao mweusi au kaniki iliyotundikwa nyuma ya meza itasaidia, kwani vitundu ulivyotoboa vitatupa nukta za mwanga juu yake.

Umetaja pia kwamba taa mbili zina vigoda vya mti. Ulizia mti huo umekaushwa kwa muda gani. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka kiti cha kuchonga kilicholetwa kutoka pwani karibu na dirisha, mwezi huo huo wa Agosti, na kabla maonyesho hayajafungwa kilikuwa kimepasuka kuanzia kiini hadi ukingoni. Mti uliozoea unyevu wa bahari ulifika kwenye hewa yetu kavu ukaanza kutoa maji kwa haraka upande mmoja kuliko mwingine. Fundi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na nililazimika kumpigia simu kumweleza. Vigoda vyako viweke ndani ya nyumba, mbali na jua, kwa wiki tatu au nne kabla ya kusafiri, na usivigundishe kwa gundi kwenye kibuyu, maana mti na ganda havisinyai kwa kiasi kimoja.

Tuje kwenye bei, mahali ambapo vijana wengi wanaumia bila kujua. Tuchukue taa moja kwa mfano, nawe utabadilisha namba kulingana na hali yako. Tuseme kibuyu kizima unakipata kwa shilingi 3,000. Kwa kuwa kimoja katika vinne hupasuka, vinne vimekugharimu 12,000 na umebaki na vitatu, kwa hiyo kila kilichosalimika kinabeba 4,000. Holda, waya, swichi na balbu ni 14,000. Mafuta na msasa ni 2,000. Hapo una 20,000 ya vifaa. Kazi yenyewe, kukwangua, kutoboa, kuchoma na kusugua, tuseme inachukua siku tatu kamili, na siku yako umeipa thamani ya 15,000. Hiyo ni 45,000. Sehemu ya nauli na ya kukaa Dodoma kwa kila kazi tuiweke 5,000. Jumla ni 70,000, na hapo hujapata hata senti ya kuikuza kazi. Ongeza robo, yaani 17,500, ufikie 87,500. Hicho ndicho kiasi kinachotakiwa kuingia mfukoni mwako.

Sasa waandaaji wanachukua asilimia 30, na hapa ndipo hesabu huwadanganya watu. Wengi huchukua 87,500, wakaongeza asilimia 30 yake, wakapata 113,750 na kuandika hiyo kwenye kadi. Taa ikiuzwa, waandaaji hukata asilimia 30 ya 113,750, ambayo ni 34,125, na fundi anabaki na 79,625, pungufu kwa 7,875. Akiuza taa kumi amepoteza karibu shilingi 79,000 bila kuibiwa na mtu. Njia sahihi ni kugawanya: 87,500 gawanya kwa 0.7, unapata 125,000. Hiyo ndiyo bei ya kadi. Ukikata asilimia 30 yake unabaki na 87,500 kamili. Tena iwe bei hiyo hiyo ukiuza nyumbani Kondoa, kwani mnunuzi akigundua kwamba taa ya 125,000 aliyonunua Dodoma inauzwa 80,000 kwako, hatarudi kwako wala kwa waandaaji.

Najua utaogopa. Utasema nani Dodoma atatoa 125,000 kwa kibuyu. Wako watakaoitoa, na wako watakaocheka na kupita, na wote wawili uwapokee kwa adabu ile ile. Kwa asiyeweza, ziwe zile kata na vitoma vidogo vya bei ya chini, vilivyofanywa kwa uangalifu ule ule. Usipunguze bei ya taa ifikapo siku ya mwisho jioni. Aliyenunua siku ya kwanza anaweza kuwa bado yumo ukumbini.

Kwenye kadi andika jina lako kamili, Kondoa, mwaka, malighafi, na kwa idhini yake andika jina la bibi kama aliyekufundisha. Naliwekea jambo hili mkazo, kwa kuwa kazi nyingi za wanawake wa kanda hii zimeonyeshwa miaka na miaka chini ya maneno "kikundi cha akina mama", kana kwamba kikundi ndicho kilichoinama kukwangua. Tazama majirani zetu wa Iringa. Vikapu vya milulu vinatambulika leo kwa jina la mahali pao kwa sababu wasukaji waliishikilia malighafi moja wakaiboresha. Pale Neema Crafts, karakana ya huko huko Iringa iliyoanza mwaka 2003 ikifanya kazi na watu wenye ulemavu, mgeni hupita karakana akamwona mwenye kukifanya kitu anachokinunua. Kaa nyuma ya meza yako ukifanya kazi. Chuma cha moto usikitumie ukumbini, lakini kukwangua na kushona kunawezekana, na kunavuta watu kuliko kipaza sauti.

Kusafirisha kutoka Kondoa, funga kila kibuyu kwa majani makavu ya mahindi ndani ya katoni, usitumie mifuko ya nailoni, kwani huzuia hewa na kuleta ukungu.

Jambo la mwisho ni oda, na hili hutokea karibu kila mwaka. Atakuja mtu mwenye hoteli au ofisi, azipende taa zako, aombe sitini kwa wiki tatu. Usikubali hata kama anakuonyesha fedha. Mmumunye unapandwa na mvua, na kwetu mvua ni moja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili. Vibuyu hukomaa kuelekea Mei na Juni, kisha huchukua miezi kukauka. Sitini ndani ya wiki tatu maana yake ni kununua vya watu, vikiwa vibichi, na kuvikausha kwa moto. Vitapasuka kwenye kuta za hoteli hiyo na jina litakaloharibika ni lako. Mwambie unaweza kumpa kumi sasa na hamsini mwakani, nusu ya malipo itangulie, na mapatano yaandikwe kwenye karatasi na kutiwa saini. Anayezitaka kweli atasubiri. Wewe nawe, ukirudi nyumbani, tenga mbegu za vile vibuyu vyenye shingo ndefu na ganda nene, uzitie majivu na kuzifunga kwenye kitambaa, ili Desemba ikifika uwe tayari na shamba la oda hiyo.